Kutoka Mseto hadi Makaroni: Historia ya Maneno ya Chakula cha Chungu Kimoja

Mfasiri anayepewa maelekezo ya mapishi ayatie katika Kiswahili huiona kazi hiyo kuwa nyepesi. Hana sheria mbele yake, wala mkataba, wala ripoti ya fedha. Ana ukurasa mmoja tu, unaoeleza jinsi ya kupika kuku pamoja na tambi katika sufuria moja kwa ajili ya chajio cha siku ya kazi, wakati mpishi amerudi nyumbani amechoka na watoto wanangoja. Lakini mara ashikapo kalamu hukutana na matatizo. Katika nchi za Ulaya na Marekani, chakula cha namna hii huitwa kwa jina linalotaja chombo, yaani chakula cha chungu kimoja. Jina hilo likifasiriwa neno kwa neno, msomaji wa Kiswahili ana haki ya kuuliza: je, makande hupikwa katika vyungu vingapi?

Makala hii inakusudia kuchunguza historia ya maneno yanayohusika na upishi huo. Hoja yetu ni kwamba Kiswahili kina msamiati kamili wa chakula kinachopikwa chunguni pamoja hadi maji yake yakakaukia humo, na kwamba msamiati huo umejengwa zaidi juu ya tendo kuliko chombo. Mtunga istilahi asiyeanzia jikoni atakopa pasipo haja. Zaidi ya hayo, aweza kumwelekeza mpishi kumwaga kile ambacho ndicho chakula chenyewe.

Tambi na majina yake

Yafaa tuanze na tambi. Wako wanaosimulia kwamba tambi zililetwa Italia kutoka China na Marco Polo, aliyerejea Venice mwaka 1295. Masimulizi hayo hayakubaliki. Mwanajiografia al-Idrisi, aliyefanya kazi Palermo chini ya Mfalme Roger wa Pili wa Sicily, alikamilisha kitabu chake mwaka 1154, yaani karibu karne moja na nusu kabla ya hapo. Katika kitabu hicho anaeleza kwamba huko Trabia, karibu na Palermo, watu walitengeneza kwa wingi chakula cha unga wa ngano kiitwacho kwa Kiarabu itriyya, na kwamba kilisafirishwa kwa merikebu hadi Calabria na nchi nyingine za Waislamu na za Wakristo. Tambi zilizokaushwa, kwa hiyo, zilikuwa bidhaa ya biashara ya baharini tangu zamani.

Linalotuhusu zaidi ni namna kila lugha ilivyokipa jina chakula hicho. Waarabu waliziita tambi nyembamba sha'riyya, kutokana na neno sha'r, nywele. Waitalia waliziita vermicelli, yaani vijinyoo, na zile zilizo nene kidogo wakaziita spaghetti, kutokana na spago, ugwe mwembamba. Waswahili nao walitazama, wakaona utambi wa taa. Kwa umbo na kwa ngeli, neno tambi ni wingi wa utambi, uzi wa pamba unaotiwa katika mafuta ukawashwa. Lugha zote hizi zilifuata njia moja: zilikitazama kitu kigeni, zikatafuta nyumbani kitu kinachofanana nacho, zikaliazima jina lake. Hakuna kamati iliyoketi kuamua. Hata hivyo, jina lililopatikana linakidhi masharti ambayo watunga istilahi wa leo huyaweka: ni fupi, linaeleweka, lina ngeli yake, na halihitaji maelezo.

Makaroni liliingia kwa njia nyingine. Hilo ni neno la Kiitalia lililopokewa na lugha nyingi, nasi tukalipokea kwa matamshi yetu na kulitumia kwa zile zenye umbo la mrija. Majirani zetu Wasomali, ambao sehemu ya kusini ya nchi yao ilikuwa chini ya Waitalia, walilichukua neno pasta lenyewe, likawa baasto, na leo ni jina la jumla la chakula hicho kwao. Ikumbukwe kwamba kwa Kiitalia pasta maana yake ya asili ni unga uliokandwa. Msomali amelipokea na kulizoea kwa sababu chakula chenyewe kimekuwa sehemu ya mlo wake wa kila siku. Kwetu neno pasta limeanza kusikika mahotelini na kuonekana katika pakiti, lakini nyumbani bado watu husema tambi, iwe ni zile nyembamba za kukaangwa na sukari au zile ndefu zilizo nene.

Sufuria imebadilika, jina limebaki

Chombo nacho kina historia yake. Chungu ni cha udongo, na jungu ni chungu kikubwa. Kaango na kikaango vina jina linalotokana na tendo la kukaanga. Sufuria ni neno lenye asili ya Kiarabu, linalohusiana na sufr, yaani shaba. Sufuria ya kwanza kwa maana hiyo ilikuwa chombo cha shaba. Chuma kilipokuja, jina halikubadilika. Alumini ilipoenea, jina halikubadilika vilevile. Leo hakuna anayeshangaa kusikia sufuria ya alumini, ingawa kwa kufuata asili ya neno ni sawa na kusema shaba ya alumini. Kutokana na mfano huu twajifunza kwamba jina la chombo hudumu hata maana yake ya kwanza ikisahauliwa. Lakini twajifunza pia kwamba jina hilo halisemi lolote kuhusu kinachotendeka ndani ya chombo. Sufuria ile ile huchemsha maji ya chai, hupika ugali na hukaanga samaki.

Ndiyo maana jina la chakula cha chungu kimoja halina nguvu katika Kiswahili. Kwa watu waliozoea jiko lenye mahali pa kuinjika vyombo vinne kwa wakati mmoja, kutumia chungu kimoja ni habari. Kwa jamii ambayo kwa karne nyingi ilipika juu ya mafiga matatu yanayobeba chungu kimoja, hiyo ilikuwa hali ya kawaida. Mlo wa pili ulingoja wa kwanza uepuliwe, au ulipikwa pamoja nao.

Vitenzi vya jikoni

Utajiri wa Kiswahili katika jambo hili umo katika vitenzi. Kuweka chombo juu ya moto pekee kuna vitenzi vitatu vinavyosikika katika sehemu mbalimbali: kuteleka, kuinjika na kubandika. Kukiondoa ni kuepua au kuipua, na wengine husema kubandua. Maji huchemka, lakini chakula kilichomo katika maji hutokota. Kutokosa ni kupika kwa kuchemsha, na kupwaza ni kuchemsha muhogo au ndizi bila kutia viungo. Kukaanga kunahitaji mafuta. Kubanika, kuchoma na kuoka kunahitaji moto mkavu, kila kimoja kwa namna yake. Kupalia ni kuweka makaa ya moto juu ya kifuniko ili wali ukauke kwa joto la juu na la chini. Kupakua ni kukitoa chakula chunguni ili kiliwe. Kilichoganda chini ya chungu kikaungua kidogo ni ukoko.

Mengi ya maneno hayo yamo katika kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyotolewa mwaka 1939 chini ya uhariri wa Frederick Johnson, na pia katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981. Hata hivyo kuwamo katika kamusi ni jambo moja, na kutumiwa katika maandishi ni jambo jingine. Tangu Kamati ya Lugha ilipoundwa mwaka 1930, na hata baada ya Baraza la Kiswahili la Taifa kuundwa kwa sheria mwaka 1967, mahitaji yaliyosukuma kazi ya istilahi yalikuwa hasa ya shule, ofisi, mahakama na maabara. Hilo lilikuwa jambo la lazima, nasi hatulilaumu. Lakini matokeo yake ni kwamba mtumishi wa serikali anaweza leo kuandika waraka mzima wa bajeti kwa Kiswahili fasaha, kisha akashindwa kuandika maelekezo ya kupika uji wa mtoto bila kurudia kitenzi kimoja, chemsha, mara kumi. Vitenzi vya jikoni vilibaki midomoni mwa wapishi, na wengi wa wapishi hao walikuwa wanawake ambao hawakuitwa katika vikao vya kutunga istilahi.

Somo la Sayansi Kimu lilipofundishwa katika shule zetu, lilitoa nafasi nzuri ya kuviandika vitenzi hivyo. Jina lenyewe la somo ni mfano wa kuigwa, kwa kuwa lilichukua kitenzi kimu, yaani kutimiza mahitaji ya maisha, likalipa taaluma nzima jina linaloeleweka.

Kuchuja au kukausha?

Sasa tufike katika kiini cha jambo. Kuna njia mbili kubwa za kupika tambi. Katika njia ya kwanza, tambi huchemshwa katika maji mengi yenye chumvi, kisha huchujwa, maji yakamwagwa, na mchuzi uliopikwa mbali ukatiwa juu yake. Katika njia ya pili, tambi hupikwa katika mchuzi au supu iliyopimwa, zikainywa yote, na hakuna kinachomwagwa. Chakula tunachokizungumzia ni cha njia ya pili. Tambi zinapoiva hutoa wanga, na wanga huo, kwa kuwa haukumwagwa, huifanya supu iliyobaki kuwa rojo.

Njia hii si mpya hata kwa Waitalia. Boccaccio, katika Decameron, kitabu alichokiandika baada ya tauni ya mwaka 1348, anataja nchi ya kubuni iliyojaa neema, ambako watu hupika makaroni katika supu ya jogoo waliohasiwa. Kuku na tambi, basi, wamekutana chunguni kwa zaidi ya miaka mia sita.

Wala si mpya kwetu. Mpishi wa pwani apikapo tambi kwa ajili ya futari huzikaanga kwanza katika samli au mafuta hadi zigeuke rangi, akatia tui au maji kwa kipimo, sukari na iliki, akafunika, akapunguza moto, akangoja zikauke. Hachuji kitu. Pilau nayo hupikwa kwa utaratibu huo huo: vitunguu na viungo hukaangwa, nyama ikatiwa, kisha supu iliyopimwa, kisha mchele, na mwisho hufunikwa na kupaliwa. Tofauti kati ya mapishi hayo na yale yaliyomo katika ukurasa wa mfasiri wetu ni ndogo mno. Badala ya sukari kuna chumvi, na badala ya tui kuna supu ya kuku.

Hapa ndipo kosa la tafsiri linapoweza kuleta hasara. Mfasiri aliyezoea njia ya kwanza huandika, kwa mazoea tu, kwamba tambi zichemshwe kisha zichujwe. Mpishi anayefuata maelekezo hayo atamwaga supu yote pamoja na viungo vyake, abaki na tambi kavu na vipande vya kuku visivyo na ladha. Vivyo hivyo kuhusu kuku. Maelekezo mengi ya asili husema nyama ikaangwe kwanza hadi ibadilike rangi. Kubadilika rangi si kuiva. Idara ya Kilimo ya Marekani inashauri nyama ya kuku ifikie joto la nyuzi 74 za sentigredi ndani yake kabla ya kuliwa, kwa sababu kuku asiyeiva aweza kuwa na vijidudu vya maradhi. Mfasiri akiandika kaanga kuku aive mahali palipotakiwa kaanga kuku ageuke rangi, mpishi aweza kumwepua mapema akidhani kazi imekwisha.

Aidha, neno kuku peke yake halitoshi. Kuku wa kisasa aliyekatwa vipande vidogo huiva kwa muda unaokaribiana na wa tambi. Kuku wa kienyeji aliyekomaa sivyo. Akitiwa pamoja na tambi, zitakuwa uji kabla hajalainika. Kiswahili kinayo maneno ya kutofautisha umri, kama pora kwa jogoo mchanga na tembe kwa jike ambaye hajaanza kutaga, na mfasiri angefaa kuyatumia au kueleza kwamba kuku mkubwa atokoswe kwanza, na supu yake ndiyo itumike kupikia tambi.

Kwa kuonyesha kwamba msamiati uliopo unatosha, tuyaandike maelekezo yenyewe kwa ufupi:

Teleka sufuria, tia mafuta, ukaange kitunguu kilichokatwakatwa hadi kilainike. Tia nusu kilo ya kuku wa kisasa aliyekatwa vipande vidogo bila mifupa, umkaange ageuke rangi pande zote. Tia kitunguu saumu, nyanya mbili zilizokatwa, chumvi na pilipili manga, uache nyanya zivurugike. Tia lita moja ya maji au supu. Ichemkapo, tia gramu 350 za tambi zilizovunjwa, ukoroge zisigandamane. Punguza moto, chakula kitokote taratibu kwa muda wa dakika kumi hivi, huku ukikoroga mara kwa mara zisishike chini. Usichuje. Supu ikaribiapo kukaukia, ikabaki rojo, na kipande kikubwa cha kuku kikipasuliwa kiwe kimeiva hadi katikati, epua, funika kwa dakika chache, kisha pakua.

Msomaji ataona kwamba hatukulazimika kukopa hata kitenzi kimoja. Jambo la kuzingatia ni nyanya, ambayo Unguja na Mombasa huitwa pia tungule. Maandishi yanayokusudiwa kusomwa huko hayana budi kulikumbuka hilo.

Jina la chakula

Linabaki suala la jina. Neno la kwanza linalojitokeza ni mseto. Hilo lina asili ya kitenzi seta, yaani kuponda, nalo ni jina la chakula cha mchele na choroko, au pojo, vilivyopikwa chungu kimoja vikalainika pamoja. Historia ya neno hili ni ya kujivunia. Kutoka jikoni lilihamia mashambani, tukapata kilimo mseto. Likahamia hospitalini: Tanzania ilipobadili matibabu ya malaria mwaka 2006 na kuchagua tiba yenye dawa mbili zilizounganishwa, wananchi walipata jina wanalolielewa, dawa ya mseto. Likahamia katika siasa, na Kenya ilipounda serikali ya vyama vilivyoshindana katika uchaguzi, mwaka 2008, magazeti yaliiita serikali ya mseto. Chungu kimoja kimelisha taaluma tatu.

Hata hivyo, kwa chakula chetu neno hili lina kasoro. Nje ya jikoni mseto ni mchanganyiko wowote, lakini jikoni bado lina maana yake ya asili ya kitu kilichovurugika. Mpishi akiambiwa mseto wa kuku na tambi atatarajia tambi zilizopondeka, ambalo ndilo jambo linaloepukwa. Mchanyato nao ni jina la chakula cha vipande vya ndizi au muhogo vilivyopikwa pamoja na samaki au nyama, na linatokana na kuchanyata, yaani kukata vipande. Halikaribii tambi.

Pilau lina sifa bora zaidi. Wako watakaosema kwamba pilau haiwezi kuwapo bila mchele. Lakini neno hili tulilipata kutoka lugha za mashariki ya kati, na huko halifungwi na mchele. Waturuki hupika pilau ya ngano iliyovunjwa na kuiita kwa jina hilo hilo. Ni jina la utaratibu: kaanga, pima, funika, kausha. Pilau ya tambi kwa kuku ni jina linalomwambia mpishi la kufanya kabla hajasoma mstari wa pili.

Mapendekezo

Kutokana na maelezo haya, tunatoa mapendekezo matatu ili wasomaji wayajadili. Kwanza, tambi litumike kama jina la jumla, na makaroni libaki kuwa jina la aina yenye umbo la mrija. Uzi mmoja uitwe uzi wa tambi, ili utambi ubaki wa taa. Pili, vyakula vya namna hii vipewe majina kwa kufuata tendo: pilau pale chakula kinapokaushwa kikabaki kimechambuka, na mseto pale kinapolainika kikachanganyika. Maneno chakula cha chungu kimoja yatumike kama maelezo tu, yasiwe istilahi. Tatu, vitenzi vya jikoni vikusanywe kutoka kwa wapishi wa pwani na wa bara, viandikwe pamoja na tofauti zao, na kuwekwa mbele ya waandishi wa vitabu vya shule, wa maelekezo ya lishe na wa maandishi ya pakiti za vyakula.

Kazi hii ya tatu ndiyo yenye haraka. Kijana anayepika kwa gesi hana sababu ya kupalia, na asiyepalia hulisahau neno. Vitenzi hivyo vikipotea, atakayetaka kufasiri ukurasa mmoja wa mapishi atalazimika kuazima alichokuwa nacho. Wahenga walisema jungu kuu halikosi ukoko. Ukoko huo upo. Unangoja mtu wa kuukwangua kabla chungu hakijaoshwa.